Mji Ambao Naelijwa Hakuutoa

Kitendawili.

Nawasikia mmesema tega. Haya, natega: nimezaa mmoja, nimemkuta katika nyumba elfu sita, na hakuna hata moja aliyonikaribisha nilale.

Msijisumbue, wala msinipe mji bado. Jibu lake nilikabidhiwa mlangoni pa Kongamano la Vipande kule Dodoma, likiwa limening'inia kwenye utepe wa bluu. Binti wa mapokezi alinivika shingoni kadi nyembamba kama ganda la kitunguu, na kadi ikasema:

"Karibu, mama. Umetoka mbali. Kaa kwanza, miguu ipumue."

Ilikuwa sauti ya mwanangu Naelijwa. Naelijwa nimemzika mwenyewe, mwaka wa tatu sasa, nyuma ya nyumba yetu kule Mbaga, kwenye milima ya Upare, upande wa migomba.

Nilishika meza. Binti wa mapokezi akadhani ni safari.

"Bibi, nikuletee maji?"

"Niletee kiti, mjukuu wangu. Hata kadi imekuambia."

Mwanamke mmoja akaja mbio huku viatu vikigonga sakafu. Alikuwa Mhandisi Tumpe Mwakalinga wa kampuni ya Unganisho, yule aliyeniandikia barua ya mwaliko. Akaigusa kadi yangu kwa kidole, ikanyamaza.

"Shikamoo bibi. Samahani sana. Niliwaambia wewe wakuwekee sauti nyingine. Ni makosa yetu."

"Marahaba. Si makosa, mwanangu. Si ndiyo kazi yenyewe?"

Tumpe akaangalia viatu vyake.

Niwaeleze kilichonipeleka. Naelijwa alikuwa mkunga. Mgongo ulipomshinda kusimama wodini, wakamweka kwenye simu, awe anapokea wajawazito wanaopiga kuuliza: tumbo linakaza, damu inatoka, nifanye nini. Watu wa Unganisho wakasikia anavyopokea. Wakamwomba wachukue sauti yake, kicheko chake, na ule utaratibu wake wa kumsubiri mtu mpaka amalize. Akaweka sahihi miaka kumi. Mkataba ulikuwa unaisha siku ile ile ya kongamano, saa kumi alasiri, na sheria inasema marehemu huamuliwa na mrithi wake: ama aongeze miaka kumi mingine, ama aondoe kila kitu. Mrithi ni mimi.

Na Nae alikuwa ameshaniachia neno. Alikuwa kitandani, ameshika kidole changu kimoja kama alivyokuwa akikishika utotoni, akasema, "Mama, mkataba ukiisha waambie basi. Nimechoka kuitika."

Nikamwahidi nitawaambia.

Lakini nisiwafiche ninyi. Nyumbani kwangu tumefungiwa mita ya maji inayozungumza, na mita ile nayo inatumia sauti ya Nae. Kila asubuhi, tangi limejaa pomoni, natoka nje naiuliza maji ni kiasi gani. "Lita mia tisa, mama. Yanatosha." Basi narudi ndani kuwasha moto, siku yangu imeanza. Miaka mitatu nimeishi hivyo. Nikisema basi kwa watu wengine, nimesema basi na kwangu.

*

Tumpe alinizungusha kwenye mabanda. Watu walikuwa wengi, kila mmoja na mfuko wa kitambaa begani, wote wanasema vipande, vipande, kuunganisha, kuchomoa. Nikamsimamisha.

"Mjukuu wangu, niambie kwa Kiswahili cha jikoni. Hivi vipande ni nini?"

Akafikiri kidogo. "Zamani, bibi, programu ilikuwa kama nyumba ya zege. Ukitaka kuhamisha dirisha unabomoa ukuta. Hospitali ilikuwa na yake, benki yake, shule yake, na kila moja ilianza kujenga tangu msingi. Sasa hatujengi hivyo. Sauti tunaichukua huku, malipo kule, ramani kwingine, tunavichomeka pamoja, na mtu anayehudumiwa anaona kitu kimoja. Kesho ukitaka kubadilisha sauti, unachomoa sauti peke yake. Vingine vyote vinabaki."

"Makande."

"Naam?"

"Mahindi ya shamba hili, maharage ya shamba lile, nazi umenunua sokoni. Mlaji anaona sahani moja."

Akacheka kwa mara ya kwanza. "Ndiyo, bibi. Makande kabisa."

"Na mwanangu ndiye chumvi."

Kicheko kikamkatika.

Tukapita banda la kukodisha trekta. Kijana wa Kigogo mwenye kofia alikuwa anaijaribu mashine yao. Akaiuliza kama trekta linaweza kupanda mlima na mkewe juu yake. Mashine ikacheka. Kilikuwa kicheko cha Nae, kile kinachoanzia puani kama anataka kupiga chafya. Lakini sauti iliyofuata baada ya kicheko ilikuwa ya mwanamume, nzito, anataja bei ya ekari. Hatua kumi mbele, banda la shule za awali, sauti ya Nae ilikuwa inahesabu moja mpaka kumi, na kicheko kilikuwa cha mtu mwingine.

Mtu akifa kwetu tunamzika mzima. Hata aliyekatwa mguu, mguu wake unatafutwa. Nilisimama katikati ya lile jumba nikamwona mwanangu ametawanywa, hapa pua, kule koo.

"Naomba chai," nikamwambia Tumpe.

*

Chai ilikuja na maandazi madogo kama vifungo vya koti. Nikakaa meza ya pembeni, karibu na mzee mmoja mwembamba mwenye fimbo nyeupe na kidude kidogo sikioni. Alikuwa ananiangalia upande wa bega, kama wafanyavyo vipofu.

"Haya maandazi," akasema, "ni ya kuonyesha tu, au yanaliwa?"

"Yanaliwa, ila uhesabu. La sita ndilo utakaloliona tumboni."

Akacheka, halafu akaacha ghafla, akainua kichwa.

"Sema tena."

"Niseme nini?"

"Wewe ni mama yake," akasema. "Unavuta pumzi kabla ya neno la kwanza. Kama yeye."

Nikaweka andazi langu chini. Yeye akajitambulisha kwa heshima zote: Mwalimu Ndibalema, kutoka Bukoba, jiografia, miaka thelathini na mmoja. Macho yalimwondoka mwaka aliostaafu. Alisema alikuwa amesahihisha ramani mbaya nyingi mno, macho yakaona bora yagome. Kampuni ilimleta aseme jukwaani namna kifaa kinavyomsomea.

"Sauti ziko nyingi, Mama Nae. Nimejaribu kumi na moja. Zote zinasoma kama zinakimbizwa na nyuki. Hii ya binti yako inasimama kwenye nukta. Nikimeza mate, inangoja. Mwaka juzi ilinisomea barua ya mke wangu, aliyoiandika kabla hajafariki, nikaikuta kwenye kabati. Kurasa nne. Ilichukua siku tatu, maana kila nikilia inanyamaza, haisemi pole wala nini, inanyamaza tu mpaka niseme endelea."

Naijua hiyo namna ya kunyamaza. Mimi ndiye niliyeilea.

"Na ikitolewa leo, mwalimu?"

Akazungusha kikombe chake polepole kwenye kisahani.

"Tuko watu elfu sita tunaosomewa naye, wanavyosema. Zitakuja nyingine. Maneno nitayasikia." Akanywa. "Kusomewa ndiyo sitasomewa."

Hakuniomba. Angeniomba ningepata la kumjibu.

*

Saa nane Tumpe akanipeleka kwenye chumba kidogo chenye zulia. Mezani palikuwa na kitu cheusi cha mviringo, kama kibakuli kilichofunikwa.

"Bibi," akasema, "vipande vyake havijawahi kuwekwa pamoja. Kila mteja anachukua anachohitaji. Hapa tumeviunganisha vyote. Sauti, kicheko, kusubiri, mizaha, na jinsi anavyokumbuka mliyozungumza. Ukiongeza mkataba, hiki ni chako. Utakwenda nacho Mbaga leo hii."

"Nani kasema mnipe?"

"Wakubwa. Lakini kuviunganisha nimeviunganisha mimi, kwa mkono wangu."

Akatoka, akafunga mlango taratibu.

Nilikaa. Nikafungua mkoba, nikafunga. Mwisho nikasema neno lile nililokuwa nikilisema jioni tukimenya ndizi, yeye akiwa na miaka sita, meno ya mbele hana.

"Kitendawili!"

"Tega!" ikaitika. Jamani. Ilikuwa ile ile tega yenye haraka ndani yake, ya mtoto anayeogopa mwenzake asimtangulie.

"Nyumba yangu haina mlango."

"Yai, mama."

"Kuku wangu katagia mibani."

"Nanasi. Mama, hicho cha watoto wachanga!"

"Haya, popoo mbili zavuka mto."

"Macho."

Nilikuwa nacheka peke yangu chumbani. Machozi yanatiririka nami nacheka. Nikasema moyoni, Nae, kwani kuna ubaya gani? Nitakuweka dirishani, utaona migomba.

Nikatega kile cha kwangu, nilichokitunga mwenyewe na ambacho hakijaandikwa popote. "Mzee wetu hulala bila blanketi, akiamka ndipo anajifunika."

Kibakuli kikajibu: "Sijui, mama. Nimeshindwa." Na kicheko cha puani.

Sasa wasioujua mchezo wetu wajue. Ukishindwa kitendawili, unatoa mji. Aliyetega akiupenda mji, anakwenda huko kwa maneno, anakula wali, anavishwa, anapigiwa ngoma, ndipo akirudi anakupa jibu. Asipoupenda anaukataa, unampa mwingine. Nae alikuwa mkarimu wa miji. Alinipa Moshi, akanipa London, aliwahi kunipa Makka na Roma kwa pumzi moja. Mji mmoja tu hakuutoa. Nikimwambia nipe Mbaga, anakunja mikono kifuani, anakunja na uso, anasema, "Huo siutoi. Tutalala wapi, mama?" Alisema hivyo akiwa na miaka sita. Kitandani, siku nne kabla hajafa, nilimtania tena, na sauti haimtoki vizuri, akasema vile vile.

"Basi nipe mji," nikakiambia.

"Nakupa Tanga."

"Tanga joto."

"Nakupa Mwanza."

"Samaki wa huko wana miiba."

"Mama nawe! Haya, nakupa Nairobi na magari yake yote."

"Sitaki kugongwa mimi." Nikasogeza kiti karibu. "Nipe Mbaga."

Kikangoja. Kungoja kule kulikuwa kwake hasa, ningekutambua gizani. Nikaegemea mbele nikiwa nimeshika ukingo wa meza. Kunja mikono, mwanangu. Kunja uso.

"Nakupa Mbaga, mama," ikasema kwa upole. "Chukua."

Kikaniuliza kama niko sawa, mara mbili, kwa sauti ya mwanangu. Tumpe aliporudi alinikuta nimekifunika kwa mtandio wangu.

"Amenipa Mbaga," nikamwambia, nikamweleza mchezo wote.

Akavuta kiti. Akakaa.

"Kipande cha kukataa tulikitoa, bibi. Mwanzoni kabisa. Watu wanaohudumiwa hawapendi kukataliwa. Kwenye rekodi zake kulikuwa na mahali pengi anapokataa. Mara mia mbili na kitu. Zikachujwa."

"Alikuwa anakataa nini?"

"Wanaume waliotaka kujibu badala ya wake zao. Anawaambia hapana, mpe yeye simu. Na wasimamizi wake. Walimtaka kila simu iishe kwa dakika tatu. Kila wiki wanamwambia, kila wiki anakataa."

Nikamtazama. "Kwa hiyo ile subira mnayoisifu..."

"Ndiyo," akasema kwa sauti ndogo. "Ilitoka humo humo."

"Mlikuwa mnachuja, mkaziweka wapi?"

"Hatukuziweka, bibi." Akafuta uso kwa kiganja. "Mimi ndiye niliyechuja. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Walinipongeza."

Nikamshika bega. Mtoto wa watu. Lakini nilishindwa kumwambia si kitu.

*

Saa kumi kasorobo ukumbi ulijaa hadi ngazini. Mwalimu Ndibalema alisema kabla yangu. Hakusema kwa urefu. Alisema, "Nimefundisha watoto kwamba ramani si nchi. Lakini mtu asiyeona, ramani nzuri ndiyo nchi aliyonayo." Akapigiwa makofi, akaongozwa hadi kiti cha mbele na sauti iliyokuwa sikioni mwake. Nilimwona anaitika kwa kichwa.

Mimi niliandikiwa karatasi. Niliikunja nikaitia mkobani.

"Mimi ni mama yake Naelijwa," nikasema. "Niliposikia nitasimama mbele ya wasomi nilitaka kuvaa viatu vya kubana, nikaona hapana, miguu ni yangu. Nashukuru kwa chai. Mwanangu aliwapenda watu na alifanya kazi mliyomwajiri. Humu ndani yumo mtu ambaye nikisema neno langu ninamnyang'anya kitu, na ninamjua kwa jina, na nje ya humu wako elfu sita nisiowajua. Sitawaambia kwamba si jambo kubwa. Ni kubwa. Nitakwenda nalo kaburini."

Nikamtazama Mwalimu Ndibalema, nikaendelea.

"Lakini mlipomchukua mwanangu mlimwacha mmoja nyuma. Yule anayesema hapana. Nimemtafuta leo kwenye kila banda, hayupo. Aliyebaki ukimwomba chochote anatoa, hata nyumba anayolala. Huyo simjui. Na mwenye hapana yake hawezi tena kuisema, kwa hiyo nimeshuka milima na kupanda treni kuja kumsemea."

Nikaweka mikono kifuani. Sikupanga, ilijikunja yenyewe.

"Mmeniomba mji. Huo siutoi. Tutalala wapi?"

Nikabonyeza kidole gumba kwenye kioo cha mkataba, mahali palipoandikwa ONDOA.

Hapakuwa na kishindo. Kadi zilizokuwa zikinong'ona shingoni mwa watu zilinyamaza moja baada ya nyingine, kutoka mbele kwenda nyuma. Moja, mbali kule mlangoni, ilikuwa inampokea mtu aliyechelewa. Ilisema, "Karibu, ma—"

Halafu nayo.

*

Watu walipokwisha kutoka, Mwalimu Ndibalema alikuwa bado kwenye kiti chake. Kidude amekitoa sikioni, amekishika kiganjani.

"Mama Nae."

"Nipo, mwalimu."

"Sikulaumu. Lakini usije ukaniambia haitaniuma."

"Sikuambii."

Akapapasa fimbo yake, akaishika. Baadaye akasema, "Mlango wa kutokea uko wapi? Hii sauti mpya imenitajia mitatu kwa mkupuo, sikushika hata mmoja."

Nikamshika mkono. Shule yangu iliishia darasa la saba, na maandishi ya Dodoma yamewekwa juu kama ni ya ndege. Nikasoma kwa kunyoosha kidole, silabi kwa silabi: chumba cha mikutano, ofisi, usiingie, njia ya kutokea. Palipokuwa na nukta, nikasimama.

"Usiharakishe," akasema.

"Siharakishi."

Tulifika nje jua bado liko juu. Gari lililomleta lilikuwa linamngoja, na Bukoba ni mbali, na mimi ni mmoja.

Nimerudi Mbaga siku ya pili yake. Asubuhi niliamka kama kawaida yangu, nikatoka, na kabla sijakumbuka, mdomo ulishauliza maji ni kiasi gani.

"Lita mia tisa," ikasema mita, sauti ya mtu asiyenijua. Mama haikusema.

Mlima nyuma ya nyumba ulikuwa umejifunika ukungu wake. Ndiye mzee wetu huyo, ndilo jibu: usiku kucha mtupu, akiamka anavuta blanketi. Nikaenda upande wa migomba nikasimama pale penye mawe yake.

"Kitendawili," nikasema.

Nikangoja kama nilivyomfundisha kungoja. Umande ulikuwa unadondoka kwenye majani. Hakuna aliyeitika.

Ndivyo alivyoomba.